Upande Wangu wa Ukuta

Robhi hanipigii simu asubuhi. Hupiga jioni akishakamua, na huanza kwa kunigombeza, kwamba nimewatupa, kwamba huku Lushoto tunakula nini hata tukawasahau watu, ndipo aulize habari za wajukuu. Kwa hiyo simu yake ilipolia alfajiri, nikiwa bado naipapasa miwani yangu, nilijua kabla hajasema. "Zaina, Mama ametuacha," akasema. Nikamuuliza mazishi ni lini. "Tunakusubiri wewe. Wazee wamesema watoto wote wawepo." Nikalia pale pale kitandani, mtu mzima na mvi zangu, hadi mjukuu wangu akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia mama yangu wa Tarime. "Kwani Bibi una mama Tarime?" Loo! Nikaona nimeishi miaka yote hii bila kuwaeleza wanangu vizuri. Tena kulikuwa na kipande cha habari ile ambacho hata Robhi mwenyewe sikuwahi kumweleza, kipande kibaya, na nilikuwa nimekilalia miaka thelathini na kitu. Basi siku mbili zote za mabasi nilikuwa na kazi moja tu, ya kuyapanga moyoni maneno ya kumwambia Robhi kabla mama hajafukiwa, na kila nilipoyapanga yalivurugika.

Habari za kwetu sitazieleza, hazina maana hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nilitaka cherehani kuliko nilivyotaka mume, na watu walikuwa wanasema Tarime dhahabu inaokotwa. Kuokotwa! Aliyeuanzisha uongo ule nikimpata hata leo nitamwambia neno. Nilichokikuta ni kilima kilichotobolewa maduara kila mahali, maana shimo la dhahabu wenyewe huliita duara, na wanaume wa kila kabila wakitoka mle ndani weupe kwa vumbi, wana kikohozi na njaa. Njaa ndiyo iliyonipa kazi. Nikapika. Ugali, maharage, chai ya rangi asubuhi. Mchimbaji akiwa hana kitu, alinilipa karai la mawe, nami nilijua kabisa kwamba mengine ni mawe tu ya kawaida ananitania nayo, lakini nilipokea. Nikishapata makarai matatu manne nayapeleka kupondwa na kuoshwa, natoka na chembe unayoweza kuipuliza ikapotea. Usiku nilale wapi? Chini ya turubai, sufuria zangu nimezizungushia kama ukuta.

Mama Bhoke alikuwa analeta maziwa na ndizi pale machimboni. Bhoke ni jina lake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka kama hamsini, na sauti yake ilisikika kilima kizima. Siku ya tatu kuniona alisimama mbele ya turubai langu, mikono kiunoni, akapiga kelele hata nikadhani nimemwibia. "Wewe msichana! Unalala hapa na hawa?" Nikasema shikamoo, nikasema ndiyo. "Una mama?" Nikasema ninaye, yuko Lushoto. "Lushoto ndiyo wapi? Beba sufuria." Hakuniuliza kabila, hakuniuliza dini, hakuniuliza nitamlipa nini. Nilibeba sufuria nikamfuata nyuma mwendo wa saa moja na nusu hadi kwake Nyamwaga, katikati ya migomba na mahindi, na njia nzima alikuwa anasalimiana kwa sauti na watu walioko mashambani, nami nilidhani anagombana nao wote. Ilinichukua miezi kujua kwamba kwa Wakurya kelele si ugomvi. Ukisikia Mkurya ameshusha sauti, hapo ndipo uogope.

Alinipa nyumba ya msonge ambamo marehemu mumewe alikuwa akilala, nyumba ya duara isiyo na pembe, paa la nyasi hadi karibu na ardhi, kitanda kimoja cha kamba upande wa kulia wa mlango. Kwetu tumezoea nyumba ya pembe nne, unajua hapa ni kona ya vyombo, hapa kona ya kulala. Mle ndani nilikuwa nazunguka kama kuku. Lakini palikuwa na joto, na Tarime, asikudanganye mtu, ni baridi. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye zizi, ng'ombe wanatoka humo wakiwa miguu tu kwanza, halafu ndiyo unawaona. Chakula kilikuwa ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na mboga ya mgagani iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu, na maziwa mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Siku nilipowaambia kwamba mimi ni Mwislamu, nyama mpaka ichinjwe na mwenzangu, walinitazama, wakazungumza Kikurya kwa kelele, nikasema basi, leo nafukuzwa. Kesho yake Mama Bhoke akamtia jogoo kwapani, akatembea hadi senta kwa muuza duka mmoja Mwislamu, jogoo akachinjwa, akarudi naye. Tangu hapo ikawa desturi. Yule mwenye duka akawa anamtania, "Mama Bhoke, umesilimu?" naye anamjibu, "Mimi bado. Kuku zangu ndizo zimesilimu."

Na Robhi? Robhi alikuwa mke wa Mama Bhoke. Ndiyo, mke. Mimi nilipoambiwa nilicheka, nikakatwa jicho nikaacha. Mama Bhoke alizaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali, mtoto wa kiume hakupata, na mume akafariki. Kwa desturi yao mwanamke wa hivyo anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa msichana, na mtoto anayezaliwa na msichana yule ni wa nyumba ile, analibeba jina la marehemu. Wanaiita nyumba ntobhu. Robhi alitoka Nyansurura, rika langu kabisa, mnene, mcheshi, mkono wake mwepesi kwa kazi yoyote, na alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, Chacha, jina la marehemu. Mtoto yule ndiye alikuwa nyumba yenyewe. Shemeji wa Mama Bhoke, Mzee Mwita, aliyekaa ng'ambo ya kijito, alikuwa ameshaliwekea jicho shamba la ndugu yake kabla Robhi hajaletwa, na hata baada ya Chacha kuzaliwa alikuwa akipita anasema tu kwa sauti ya chini, "Msichana wa watu haaminiki." Nilimsikia mara mbili mwenyewe, nikiwa naosha vyombo.

Mwezi wa saba tukaenda wote Kisaka, kwa dada yake Mama Bhoke, kuvuna ulezi. Tulivuka Mto Mara asubuhi, Robhi akanionyesha viboko, nikaona mawe, akasema tazama vizuri, na jiwe moja likapiga mwayo. Nilipiga ukelele wakanicheka hadi Kisaka. Kule tulivuna siku nne, majirani wanakuja kusaidia kwa zamu, jioni mzee mmoja kipofu anapiga litungu, nyuzi nane, na wanawake wanacheza kwa mabega hadi vumbi linasimama. Siku ya mwisho dada yake akatupeleka juu ya kilima tuangalie upande wa mbugani. Chini kule nchi ilikuwa nyeusi. Nikasema wamechoma moto nyasi. "Nyumbu hao," Robhi akasema, na kweli, weusi ule ulikuwa unasogea. Tulikaa pale tunakula viazi vitamu, wanyama wanapita tu, hawaishi, na sauti yao inatufikia kama watu wengi wanaonung'unika. Nikasema, mimi mtoto wa kutoka milimani nitawaeleza watu gani haya wakaniamini? Mama Bhoke akaniambia, "Hutawaeleza. Utawaleta." Nilikuwa na furaha siku ile, furaha ya kweli, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma mpaka leo.

Maana mwezi wa kumi nilikuwa na dhahabu. Chembe zangu zote nilizichoma pamoja zikawa kitu kimoja, kikubwa kama punje ya hindi, nikakitia kwenye kichupa cha dawa ya macho. Hiyo ndiyo ilikuwa cherehani yangu. Ukutani, upande wa kichwa cha kitanda, palikuwa na tundu kwenye udongo, nikakiingiza humo, nikaziba kwa kipande cha gunzi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula chungu kimoja na watu wale na sikuwaambia, ona ujinga. Siku moja narudi kutoka machimboni nakuta Robhi ananingoja mlangoni, mikono imejaa samadi hadi kwenye viwiko, anacheka mwenyewe. "Ingia uone!" Alikuwa ameisiriba nyumba yangu yote ndani, samadi mbichi na majivu, laini, halafu akachora kwa udongo mwekundu mistari ya mawimbi kuzunguka ukuta mzima. Alifanya siku nzima ili kunifurahisha. Na mimi, badala ya kusema ahsante, nilikimbilia kwenye kichwa cha kitanda. Ukuta mtupu. Nikaanza kuchimba kwa kijiko, mistari yake nikaiharibu, nikatoboa huku, nikatoboa huku, hakuna tundu, hakuna gunzi, hakuna kichupa. Robhi amesimama mlangoni ananitazama.

Nikasema. Nilitoka nje nikasema kwa sauti kubwa, "Robhi ameniibia dhahabu yangu!" Majirani walikuwa shambani, wote wakasikia. Robhi mwanzoni alicheka, akidhani ninamtania kama kawaida yetu. Alipoona sicheki, akamchukua Chacha chini akamweka mgongoni, akaenda zake jikoni. Kabla ya jua kuzama Mzee Mwita alikuwa amefika, na siku ile hakushusha sauti. Mwizi hakai kwenye boma la ndugu yake. Arudishwe Nyansurura, ng'ombe warudi, na mtoto wake aende naye. Wazee wa ukoo wakapanga kikao, siku ya nne kutoka pale, na Robhi angetakiwa kula kiapo. Nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu kiapo kile. Kwa Wakurya si maneno ya mdomoni tu. Ukiapa uongo unakufa, na nyumba yako inakufa nyuma yako, na hata anayeapa kweli anarudi nyumbani na doa, maana watu watasema alifikishwa kwenye kiapo. Nilifahamu hayo yote na bado nilikaza shingo. Nilikuwa nalia cherehani yangu. Na katika siku zile Mama Bhoke hakunigombeza hata neno moja. Aliniletea chakula kwanza, mimi mgeni, kabla ya mtu mwingine yeyote, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Siku ya tatu mchana mvua ikanyesha, ile ya kutoka upande wa ziwa, inakuja nyeusi na mawe ndani yake. Nilikuwa peke yangu kwenye msonge. Paa likaanza kuvuja, si juu ya kitanda, bali hatua mbili kutoka kitandani kuelekea mlangoni, na maji yakatiririka ukutani hadi samadi mbichi ya Robhi ikalegea ikadondoka bonge zima. Nikaona gunzi. Jamani, nikaona gunzi limechomoza pale! Hapo akili ikanirudia. Kitanda kilikuwa kimehamishwa. Robhi alijua pale panavuja, akakisogeza nisilowe, na mimi katika nyumba isiyo na kona nikapima kwa kitanda nikachimba ukuta usiokuwa wangu. Gunzi aliliona ni la kuzibia tundu la panya, akapaka juu yake. Nikakichomoa kichupa. Punje yangu ilikuwa humo. Nilifurahi, sisemi uongo, nilifurahi kama muda wa kumeza mate, halafu aibu ikanishika. Nikakitia kifuani. Sikutoka nje. Baadaye kidogo Mama Bhoke akaingia na beseni, akaliweka chini ya pale panapovuja, hakutazama ukuta, hakunitazama, akatoka. Nikashukuru Mungu kwamba hakuona. Nikawaza lori la ndizi linaloondoka senta alfajiri. Nikawaza uso wa Robhi. Nililala na kichupa kifuani, na sikuondoka, lakini sikusema pia.

Kikao kilikuwa asubuhi, uani kwa Mzee Mwita. Wazee kwenye vigoda, wanawake chini upande mmoja, Robhi katikati na mtoto wake mgongoni, amefunga kilemba safi kama mtu anayekwenda kanisani. Mbele ya mzee mkubwa palikuwa na kitu kilichofungwa kwenye ngozi. Sikuambiwa ni nini na sikuuliza. Robhi alipoitwa, Mama Bhoke akasema kutoka pale alipokaa, "Haapi huyu. Huyu ni mke wangu, nilimtolea ng'ombe. Mkono wake ni mkono wangu. Nitaapa mimi." Pakawa na kelele, Mzee Mwita akapinga, mzee mkubwa akakubali. Mama Bhoke akainuka. Akaifunga upya kanga yake. Akaanza kukiendea kile kitu cha kiapo, polepole, mkono kwenye goti, akasimama kumsalimia mzee mmoja ambaye alikuwa ameshamsalimia, akatembea tena, akasimama kuondoa mwiba mguuni. Nilidhani ni magoti yake. Alipobakiza hatua kama tatu nikasimama nikapiga kelele hata mimi mwenyewe nikashtuka, "Ipo! Dhahabu ipo! Ilikuwa ukutani!" nikakitoa kichupa kifuani mbele za watu wote. Mzee mkubwa akaniuliza taratibu, "Umeipata lini, binti?" Nikasema, "Leo asubuhi." Hicho ndicho kipande chenyewe. Leo asubuhi.

Wazee wakataka mbuzi kwa kulichafua jina la mtu. Mama Bhoke akakataa katakata. "Mtoto hatozwi mbuzi kwao. Ameharibu ukuta, atasiriba ukuta." Basi kesho yake nikasiriba, kijiji kizima kikija kutazama, mimi ambaye hata kuikanyaga samadi nilikuwa naruka. Robhi alikaa kwenye kinu chake asubuhi nzima ananitazama ninavyorusha matope yakidondoka, hadi uvumilivu ukamwisha. "Unasiriba au unapiga mtu? Leta hapa!" Akanishika viganja vyangu kwa viganja vyake akanionyesha, unakandamiza kwa kisigino cha mkono, unavuta kuelekea kwako. Jioni tukawa tunacheka. Lakini msamaha sikumwomba kwa mdomo, kwa sababu kuomba kungenibidi niseme lini niliipata. Mwaka ulipoisha nilirudi kwetu, nikanunua cherehani, nikalea watoto kwa cherehani ile, na kila jioni ya simu ya Robhi nilikuwa na neno kooni.

Chacha ndiye aliyenipokea stendi, mwanamume wa tumbo na watoto watano. Nyumbani sasa kuna nyumba ya matofali na bati, lakini msonge ule bado umesimama, na Robhi, amenenepa zaidi, nywele zimekuwa nyeupe kunishinda, alikuwa mlangoni pake, mikono imejaa samadi hadi kwenye viwiko. Tulikumbatiana akanipaka yote. Mama angelala humo usiku wa mwisho, akasema, na hawezi kulala kwenye nyumba yenye nyufa. Akanisukumia karai. "Upande wako ni ule." Nikavua saa, nikapiga magoti, tukaanza kusiriba, yeye huku, mimi huku, nje wanawake wanapika na kuimba. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. "Robhi," nikasema, "ile dhahabu sikuipata asubuhi ile. Niliipata jana yake, wakati wa mvua. Nililala nayo. Nilikuacha uende kwenye kikao nikiwa nayo."

Hakugeuka. Aliendelea kuvuta matope kuelekea kwake. "Najua," akasema. "Mimi ndiye nilikuja na beseni kwanza. Nilichungulia nikakuona umekishika. Nikakimbia jikoni nimwambie Mama, nimepona, nilitaka kupiga vigelegele. Akaniziba mdomo kwa mkono. Akasema, mwache aseme mwenyewe. Akisema mwenyewe atakuwa wetu. Tukimsemea sisi, atapanda lori kesho na hatutamwona tena." Mikono yangu ikakwama pale ukutani. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyafuta kwa ile samadi. Nikamuuliza, na kama nisingesema je? Wewe na Chacha? Hapo ndipo Robhi akageuka, akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," akasema. "Akaniambia usiogope. Nitatembea polepole."